Ukisema mtaa fulani "haufai kuishi", ni mfuko unaongea au ni kabila?

Mpangaji Sugu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kiti.

Mimi ni Mbongo, kazi imenileta Nairobi. Majuzi kijana mgeni ofisini kwetu, naye katokea Dar, aliuliza kwenye kundi la WhatsApp la kazini apange wapi, bajeti yake shilingi 25,000 za Kenya kwa mwezi. Majibu yakamiminika. Wa kwanza: nenda Ruaka, au Kahawa Sukari. Wa pili: usidanganyike, nenda Syokimau. Wa tatu: Donholm, na ukibahatika Lang'ata. Kila mmoja na sababu zake. Huku maji hayakatiki, huku matatu hazisumbui, huku hakuna wizi. Kabila halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Ila nimekaa na hawa watu: wa Ruaka ni Mkikuyu, wa Syokimau ni Mkamba, wa Donholm ni Mjaluo. Na kwa pesa ile kodi zinakaribiana kote huko, foleni ni ile ile.

Halafu wakaingia wakubwa, wale ambao mshahara ukichelewa wiki hawashtuki. Mkikuyu, Mjaluo na Mkalenjin, wote jibu moja: Kilimani, Kileleshwa, ukijiweza Lavington.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kipato ndicho kinachokupa orodha ya mitaa. Kabila linakuja nyuma yake kukuambia, ndani ya orodha hiyo, upi uuite "salama" na upi uuite "wa fujo". Na kadiri mfuko unavyokauka ndivyo kabila linavyopandisha sauti.

Tusiseme ni silika. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli, na mkoloni akaikata vipande: Mzungu magharibi kwenye vilima na upepo, Mhindi Parklands na Ngara, Mwafrika mashariki kwenye udongo mweusi unaoshika maji, Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Muthurwa. Mwafrika alihesabiwa ni mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao, kipande kikining'inia shingoni. Dar ni hivyo hivyo, kanda tatu, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi makusudi ili Kariakoo isigusane na Uhindini. Leo mtu anasema "siwezi kulea mtoto uswahilini" akiamini ametoa maoni yake mwenyewe. Nusu ya maoni hayo yalichorwa na afisa mipango wa kikoloni kabla babu yake hajaujua mji.

Karibuni mnipinge.

Punguza Siasa

Mimi naangalia maji, barabara na umeme. Mengine ni kutafutiana maneno.

Mpangaji Sugu

Mkuu, hayo maji na barabara unadhani yaligawiwa kwa bahati nasibu? Oysterbay ilipimwa viwanja vya ekari na miti ikapandwa. Manzese ilijengeka yenyewe, watu wakafuatwa na bomba miaka mingi baadaye. Ukichagua kwa kuangalia maji, umeshachagua kwa kuangalia historia.

Kaka wa Eastlando

Mleta uzi, mambo mengi uko sawa, ila umetusema kama watu wanaopenda ukabila kama starehe. Wacha nikueleze vile mambo huwa.

Mimi nimelelewa Mathare. Kabla ya Desemba 2007 kulikuwa na upande wa hawa na upande wa wale, lakini watu walichanganyika. Plot moja ungepata Mkikuyu, Mjaluo, Mluhya, choo kimoja, bomba moja. Matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na ndani ya siku chache watu wakaanza kubadilishana nyumba. Si mfano, ni kubadilishana kabisa: familia ya kina fulani inatoka upande huu na magodoro, familia nyingine inatoka upande ule, wanapitana njiani, kila mmoja anaingia penye "watu wake". Wengine hawakupata hata nafasi ya kubadilishana, walikuta mlango umeshafungwa na kufuli ya mtu mwingine. Nchi nzima Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133. Sasa mtu aliyeona hayo akimwambia mdogo wake "usipange ng'ambo ile ya mto", utamwita mkabila?

Nyumba ya mabati mlango wake ni teke moja. Jamaa wa Lavington ana ukuta, waya wa umeme juu, na askari wa kampuni getini. Ukuta wake ndio kabila lake. Sisi ambao hatuna ukuta, majirani ndio ukuta. Hiyo ndiyo hesabu.

Na haikuisha 2008. Oktoba 2017 baada ya ule uchaguzi wa marudio, Kawangware kuliwaka tena, safari hii Wakikuyu na Waluhya. Mwaka wa uchaguzi ukikaribia utaona kwa macho: mabasi ya kwenda ushago yamejaa akina mama na watoto, wanaume wanabaki kulinda vyombo.

Binti wa Ilala

Poleni ndugu zetu. Ndiyo maana sisi tunamshukuru Mwalimu kila siku. Nimezaliwa Ilala, nimeolewa Tabata, kushoto kwangu Mnyakyusa, kulia Mchaga, nyuma Mzaramo mwenye nyumba za kupangisha, na mume wangu Msukuma. Tunataniana makabila kwenye misiba basi. Dar swali ni moja tu: hela ipo?

Dalali Mstaafu

Binti wa Ilala, nakuheshimu, ila umeongea kama mtu ambaye hajawahi kutafutia watu nyumba. Mimi hii kazi nimeifanya Sinza, Kijitonyama, Mwananyamala mpaka Kimara. Ngoja nikuonyeshe simu ya mama mwenye nyumba ilivyokuwa.

"Shikamoo mama, nimepata mteja wa kile chumba na sebule."
"Marahaba. Ni mtu wa wapi?"
"Anafanya kazi benki, mama."
"Sijauliza kazi. Mtu wa wapi?"

Hela anaiulizia mwisho, tena anajua ataipata, si miezi sita kwa mpigo! Kwanza kabila, halafu dini, halafu ameoa au ni bachela. Wa kabila hili eti ni wachawi, wale eti wagomvi, wale eti wakishaingia hawahami, wale eti wanapika vitu vya harufu. Mwenye nyumba mmoja alikuwa hataki watu wa kwao mwenyewe, anasema watamkopa kodi kwa kigezo cha undugu. Nilijifunza kutaja jina la pili la mteja badala ya la kwanza, inategemea nani yuko upande wa pili wa simu.

Na huko mjini kati kuna maghorofa nimewahi kupeleka mteja, hela mkononi, kwenye simu nyumba ipo. Tukifika na kuonekana rangi yetu, nyumba "imechukuliwa asubuhi". Wiki mbili baadaye tangazo lile lile liko palepale.

Tofauti yetu na Nairobi ni kwamba huku hakuna anayechoma nyumba kwa sababu hiyo. Hiyo ni tofauti kubwa, sikatai. Ila usiseme haipo.

Binti wa Ilala

Haya baba, nimekusikia. Bado nasema si sawa na wenzetu.

Dalali Mstaafu

Si sawa. Tena nikuongezee, kuna utaratibu hata kwenye kujenga. Zamani mtu wa Moshi akishuka Ubungo alifikia kwa ndugu yake, na ndugu yake kanunua kiwanja kule kule barabara ya Morogoro: Kimara, Mbezi, siku hizi Goba. Mtu wa Mtwara au Lindi anaingia mjini kwa barabara ya Kilwa, kwa hiyo anafikia Mbagala, Rangi Tatu, Kongowe. Hakuna aliyewagawa. Basi ndilo limewagawa. Ndugu yako ndiye anayekujua nani anauza eneo, mjumbe ni nani, na kiwanja kipi kimeuzwa mara mbili. Kununua kiwanja ambacho hakijapimwa bila ndugu wa kukushika mkono ni kutafuta kesi. Ndiyo maana mwenye kipato cha chini hujenga kwa ndugu zake, na mwenye hela hununua kiwanja chenye hati popote, hata jirani akiwa Mkorea.

Msomi wa Jioni

Dalali kagusa kitu ambacho wasomi wamekihangaikia. Kuna mchumi Mmarekani, Thomas Schelling, aliyekuja kupata Nobel mwaka 2005. Zamani alichukua ubao wa drafti na sarafu za aina mbili, akazitawanya ovyo na kuacha nafasi kadhaa wazi. Kila sarafu akaipa sharti dogo: nitakaa hapa ilimradi kama theluthi ya majirani zangu wanafanana nami. Sharti lisipotimia, sarafu inahamia nafasi iliyo wazi. Angalieni, hakuna sarafu inayochukia nyingine. Kila moja ingekubali kabisa kuwa wachache. Lakini akizungusha zamu kadhaa, ubao unagawanyika mapande mapande, kila pande sarafu za aina moja.

Maana yake kwenye uzi huu: ukiona mtaa umejaa watu wa aina moja, usikimbilie kusema waliomo ni wabaguzi wakubwa. Woga mdogo wa kila mmoja, ukijumlishwa, unazaa mpaka ambao hakuna aliyeutaka. Na ukiongeza siku kama zile za Kaka wa Eastlando, ubao unagawanyika kwa wiki moja badala ya miaka ishirini.

Mjukuu wa Makina

Nimesoma kimya kimya, sasa mmefika kwetu.

Mimi ni Mnubi wa Kibra, mnapopaita Kibera. Babu zetu walikuwa askari wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, asili yao Sudan, wakawekwa pale mwanzoni mwa karne iliyopita. Serikali ya mkoloni ikatuacha bila hati, na serikali ya uhuru ikatuacha vile vile. Mji ukakua ukatuzunguka, watu wakaja kutafuta kazi wakahitaji pa kulala, sisi na wengine tukajenga vyumba vya kupangisha kwenye ardhi ambayo kwa makaratasi si yetu. Hati ya jumuiya, ekari 288, tuliipata Juni 2017.

Sasa sikilizeni mambo ya mwaka 2001. Rais Moi alikuja, na Raila akiwa mbunge wetu wa Lang'ata na tena waziri, likatoka tamko kwamba kodi za Kibra ni za juu, zipunguzwe. Mpangaji akasikia "usilipe". Mwenye nyumba akasikia "umenyang'anywa". Wenye nyumba wengi upande wetu walikuwa Wanubi, wapangaji wengi Wajaluo. Mwisho wa mwaka ule watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Magazeti yakaandika vita vya kikabila. Mimi nilikuwa pale. Ugomvi ulianza na kodi.

Kwa hiyo mleta uzi, unaposema kipato kwanza halafu kabila, kwetu sisi haviachani hivyo. Kabila la mtu lilikuambia kama ni mwenye ploti au mpangaji. Hata Mathare alikotaja Kaka, wenye ploti wengi walikuwa Wakikuyu, na baada ya 2007 kuna pande ambazo hawakuthubutu tena kwenda kuchukua kodi. Mtu akisema "nataka kuishi kati ya watu wangu", muulize kwanza: wewe unalipa kodi au unapokea?

Kaka wa Eastlando

Hapo mzee umeongea. Landilodi wa kabila lako akikudai, ni deni. Wa kabila lingine akikudai, ni dhuluma. Na yeye naye hivyo hivyo akikuangalia.

Dada wa South C

Habarini. Mimi ni Msomali wa Kenya, kitambulisho cha Kenya, mama yangu kazaliwa Isiolo. Naona mnakubaliana sana kwamba pesa ikiwa nyingi kabila linanyamaza. Kwetu halinyamazi.

Mume wangu ana biashara Eastleigh, na mfuko tunao. Tulitafuta nyumba mitaa ile ile ya wakubwa wa ofisi ya mleta uzi. Kwenye simu naongea Kiswahili hiki mnachokisoma, bei tunakubaliana, wananiambia njoo uone. Nikifika na hijabu, msimamizi anaomba radhi, anaenda pembeni kupiga simu, anarudi: mwenye nyumba amebadilisha mawazo, anataka kukarabati. Mwingine alisema ukweli, nikamshukuru: "Nyinyi mnakaa wengi nyumba moja, na polisi hawatatoka hapa."

Hilo la polisi halikutoka hewani. Aprili 2014 kulikuwa na operesheni ya Usalama Watch. Waliingia Eastleigh na South C nyumba kwa nyumba usiku, maelfu wakakamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Walikuwemo wenye vitambulisho mkononi. Tangu hapo mwenye nyumba wa kawaida akiona jina langu anaona karandinga.

Kwa hiyo tunakaa South C na Eastleigh, na tunalipa zaidi kuliko ambavyo nyumba zenyewe zinastahili, kwa sababu wenye nyumba wanajua hatuna kwingine rahisi pa kwenda. Halafu majirani wa mitaa mingine wanasema "Wasomali wanapenda kukaa peke yao, na wamepandisha kodi". Kupenda gani huko?

Punguza Siasa

Dada, na nyie si mnapenda kuwa karibu na msikiti na duka la nyama ya ngamia?

Dada wa South C

Tunapenda, sana tu. Na shangazi yupo ghorofa ya tatu, mtoto akitoka shule anaingia kwake. Ningekuwa na ruhusa ya kuchagua popote huenda bado ningechagua hapa. Lakini ukishafungiwa milango mingine, hakuna anayeweza kujua ulichopenda, hata wewe mwenyewe.

Mpangaji Sugu

Mstari huo wa mwisho ndio uzi wote. Tunawauliza watu "unapenda kuishi wapi" kana kwamba mbele yao kuna ramani tupu. Mwenye hela za kutosha na jina lisilomtisha mtu ndiye pekee anayejibu swali hilo. Wengine wote wanajibu swali tofauti, la wapi watakubaliwa, halafu wanalipamba kwa habari za maji na matatu ili lisiwaumize. Na hesabu ya pesa na ya jina hazifanani. Upungufu wa hela unaweza kuisha ukipandishwa cheo. Jina unalo tu.

Mzee wa Upanga

Vijana, na sisi wazee mtusikilize kidogo.

Mnaongea kama vile kuchanganyika hutokea kwenyewe. Dar haikuchanganyika yenyewe, ilichanganywa. Tarehe 22 Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wenye majengo hayo wengi mno walikuwa Wahindi, maana ndio walioachiwa na mkoloni kujenga mjini kati na baadaye Upanga. Akaundwa Msajili wa Majumba, na yale maghorofa yakaanza kugawiwa. Mimi nilikuwa karani wa wizara, nikapewa ufunguo Upanga. Sikuulizwa kabila wala dini, niliulizwa cheo. Ngazi yetu ya kupandia ghorofani ilikuwa na Mhaya, Mngoni, Mpare, na familia za Kihindi zilizobaki kama wapangaji ndani ya nyumba zilizokuwa zao.

Hapo ndipo ninaposita kujisifu. Jirani yangu wa chini alikuwa analipa kodi serikalini kwa jengo alilojenga baba yake. Aliniamkia kila asubuhi, na watoto wetu walicheza pamoja. Lakini miaka michache baadaye wakaenda Canada, kama walivyoenda maelfu ya wenzao. Mimi nilipata nyumba, yeye alipoteza, na nchi ikapata ngazi yenye watu wa kila aina. Atakayesema ilikuwa haki tupu, au dhuluma tupu, hakukaa kwenye ngazi ile.

Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba. Siku hizi nasikia nyumba mpya za shirika zinauzwa, na bei zake karani wa wizara hazigusi.

Binti wa Ilala

Shikamoo mzee. Asante kwa hili, shuleni hatukuambiwa upande wa jirani yako.

Mkazi wa Mbweni

Nami niongeze upande ambao hamjaugusa. Mradi wa viwanja 20,000 ulipoanza 2002, sisi tuliopata Mbweni, na wenzetu wa Kibada, Bunju na Tuangoma, tulikuwa watu wa makabila yote. Mtaani kwangu sijui hata wangapi ni kabila gani. Tukaweka geti, mlinzi, kundi la WhatsApp la wakazi. Safi kabisa.

Lakini mama wa vitumbua hayupo. Fundi viatu hayupo. Bodaboda anasimamishwa getini anaulizwa anaenda kwa nani. Dada wa kazi anatembea mpaka barabara kuu kununua vocha. Uswahilini ya zamani tajiri alijenga ghorofa ubavuni mwa banda la muuza mkaa, na mtoto wa tajiri alikula kwa muuza mkaa. Tulikojenga sisi ukabila haupo, ila maskini naye hayupo. Na kwenye lile kundi maoni yanayopata vidole gumba vingi ni yale ya kuongeza geti la pili.

Kaka wa Eastlando

Na huku kwetu kinyume chake kipo: Pipeline, Embakasi. Maghorofa yamebanana mpaka jua linaingia saa sita tu, lifti hakuna. Mule landilodi anataka kujaza vyumba, hana muda wa kuuliza jina. Wakisii, Wakamba, Waluhya, Wajaluo, kila korido. Vijana wanaongea Sheng, ukimuuliza mtoto kwao ni wapi anakwambia "Pipe". Lakini hakuna anayesema anapenda kuishi Pipeline. Kila mtu mule anakwambia yuko tu kwa muda, akipanga mambo atahamia Syokimau, Ruaka, au Rongai. Sasa rudini mkasome post ya kwanza mwone nani anaenda wapi.

Punguza Siasa

Sawa, mmenishinda kwa wingi. Mimi bado naangalia maji.

Dalali Mstaafu

Ukiangalia maji, Tabata Kinyerezi kuna chumba, sebule na jiko, choo ndani, kisima kipo, LUKU yako mwenyewe. Mwenye nyumba alikuwa mkali wa kuuliza kabila, Mungu amrehemu. Warithi wako watano, wamegombana, hawaulizi mtu wa wapi, wanauliza unalipa miezi mingapi. Njoo inbox, udalali ni kodi ya mwezi mmoja.